Mishale Iliyokwenda Kushoto

Ta.

Sauti hiyo Msasa aliondoka nayo uwanjani, akala nayo, akalala nayo. Ilikuwa ndogo na kavu, kama kucha iliyogonga meza mara moja tu. Mwingine asingeijali. Lakini yeye alikuwa fundi wa mishale, na fundi wa mishale akisikia ta, anajua mkia wa mshale umegonga upinde ukiwa ndiyo kwanza unatoka.

Watu hudhani mshale huenda umenyooka tangu mwanzo. Wapi. Ugwe, ile kamba ya upinde, ukiachiwa, mshale hujipinda kama samaki anayegeuka majini, ukauzunguka upinde bila kuugusa, ndipo ukajinyoosha mbele ya safari. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mshale laini mno hupinda kupita kiasi ukaenda kulia. Mgumu mno hukataa kupinda, ukaugonga upinde, ukaenda kushoto. Kazi ya Msasa, mwanamke aliyepewa jina hilo kwa vumbi lisilomtoka nyusini, ilikuwa kutafuta katikati. Alilaza kila ufito wa mshale juu ya misumari miwili, akaning'iniza jiwe katikati ya ufito, akatazama umeshuka hadi mstari gani kwenye ubao wa nyuma. Kila upinde wa chama chao cha kulenga shabaha ulikuwa na mstari wake pale ubaoni. Mstari wa upinde wa kaka yake aliujua kuliko mistari ya kiganja chake mwenyewe.

Na mishale ya kaka ndiyo iliyokuwa ikienda kushoto.

"Msasa," kinyozi wa mtaani, naye mwanachama, alimwita siku ile uwanjani, mbele ya chama kizima, "siku hizi unatengeneza mishale ya kuwindia kuku wa jirani? Maana huko ndiko inakoelekea."

Watu wakacheka. Kaka mtu akafuta jasho, akatazama pembeni.

"Mkono wangu ni ule ule," alisema. "Iulizeni mishale."

Maneno hayo yalimchoma. Yeye ndiye aliyemtengenezea kaka yake mshale wa kwanza, wakiwa wangali watoto, na chama kizima kilinunua kwake kwa sababu mpigaji wao hodari alipiga kwa mishale yake. Sasa hodari mwenyewe ameikana. Jua halijazama, wawili walishapita karakana wakimwomba awapimie upya mishale yao, kwa upole ule wa watu wanaotembelea mgonjwa.

Mishale haijiharibu yenyewe. Kuna mkono. Na mkono mpya katika karakana ulikuwa mmoja tu, wa wifi yake.

Karakana ilikuwa chumba cha uani kwa kaka, na mke wa kaka alikuwa ameanza kuja kusaidia kubandika manyoya. Msasa alipoanza kukumbuka, kila kitu kikawa na sura nyingine. Siku moja alimkuta wifi amelipakata podo la kaka, mfuko wake wa mishale, mkono umezama ndani. "Nafuta vumbi tu, wifi." Nani afutaye vumbi ndani ya podo? Siku nyingine aliingia, wifi na mumewe wakanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Tena kulikuwa na harufu. Mikono ya wifi ilinukia mafuta makali yanayowasha pua, na Msasa aliponusa podo, mkanda wake ulinukia vilevile. Mti hunywa mafuta. Mti uliokunywa mafuta asiyoyajua fundi, fundi hawezi kuuapia.

Akatega mtego. Aliipima mishale yote ya kaka kwa jiwe, akatia nukta ya penseli chini ya uzi unaofunga manyoya ya kila mmoja, akairudisha podoni, kimya. Kaka alipotoka mazoezini, ambako mishale ilikwenda kushoto kama kawaida yake, Msasa aliichukua akafungua nyuzi. Nukta zilikuwepo; hakuna mshale uliobadilishwa. Akalaza fito juu ya misumari. Kila mmoja ulishuka mpaka mstarini, haukuzidi, haukupungua.

Hakufurahi. Mtu akishampata mshukiwa wake hapendi kumpoteza hivi hivi.

"Wifi," alisema, "mikono yako inanuka nini?"

Wifi alichovya brashi kwenye gundi. "Dawa ya kuchua."

"Nani anaumwa?"

"Mimi. Mgongo."

"Mgongo wako, halafu harufu iko kwenye podo la mumeo?"

Brashi ilisimama. "Wifi yangu, ukitaka nitoke humu, sema nitoke. Usinizungushe kama mwizi wa sokoni."

"Nitasema Jumamosi, chama kikikutana," Msasa alijibu. "Kaka akikosa tena mbele za watu, utatoka."

Jumamosi, miaka yote, Msasa alikuwa akitazama shabaha. Ndivyo mafundi walivyo, hutazama pale kazi yao inapofikia. Siku hiyo hakutazama shabaha. Alimtazama wifi, amnase.

Wifi naye hakuitazama shabaha. Wala hakuitazama mishale. Alikodoa macho kwenye bega la mumewe, midomo ameibana, na kaka alipoanza kuvuta, bega la wifi nalo likapanda taratibu, kama anayemsaidia mtu kunyanyua mzigo kwa mbali. Msasa akayafuata macho yale.

Zamani kaka alivuta mpaka chembe cha mshale, ile ncha yake, kikakaribia kugusa kidole kilichoshika upinde. Sasa aliishia njiani. Kipande cha ufito, upana wa kiganja, kilibaki nje mbele ya upinde, na bega, pale mkanda wa podo unapolalia, lilikuwa likitetemeka.

Ta. Kushoto.

Upinde usiovutwa hadi mwisho ni upinde mnyonge. Na mshale ule ule, usiobadilika hata chembe, kwa upinde mnyonge ni mgumu mno. Hapakuwa na mkono wowote ulioharibu mishale. Palikuwa na bega, na mke aliyelichua, na mafuta yaliyohamia kwenye mkanda hadi podoni, ndiyo wifi aliyokuwa akiyafuta.

"Alinikataza kukuambia," wifi alimnong'oneza walipokuwa wakiondoka. "Anasema ukijua utamhurumia, na huruma yako ataiona kila anapovuta."

Msasa alipofika karakana alivuta kigoda kimoja kilichokuwa na mto, kigoda chake mwenyewe, akamsogezea wifi. Akachukua fito mpya, akazisugua kwa msasa taratibu, akipima na kusugua tena, mpaka zikalainika na jiwe likashuka chini ya mstari wa kaka. Mstari mpya hakuuchora kwa penseli. Aliukwaruza kwa ukucha, mahali ambapo mtu asiyejua asingeuona. Wifi akabandika manyoya. Gundi ilipokauka brashini walicheka kidogo wote wawili.

Walipokusanyika tena uwanjani, kaka alivuta pale pale bega lake lilipomruhusu, akaachia. Hapakuwa na ta. Mshale ukapinda, ukapita, ukanyooka, ukatua katikati ya shabaha. Akapiga wa pili, ukaenda ukalala ubavuni mwa mwenzake.

"Haya, fundi," kinyozi alisema, na chama kizima kikageuka. "Leo tuambie. Kosa lilikuwa wapi?"

Kaka alikuwa akiuweka sawa mkanda wa podo begani. Mkono ukasimama pale pale. Akamtazama dada yake, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

"Kwenye mishale," Msasa alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ta. "Nilikosea mishale."