Masuke Ndani ya Jeneza

Mama mkwe wangu, Wu Peilian, alichongewa jeneza alipotimiza miaka sitini, kama wazee wote wa bonde letu, likawekwa chini ya ghala kumsubiri. Jeneza la mtu halifunguliwi na mwingine. Hilo hata mwizi analijua.

Mwaka ule bwana shamba, Shi Guangming, alileta amri. Mpunga wa kunata basi. Kila nyumba ipeleke ofisini mbegu zake za zamani, ipewe za mpunga mpya mfupi, unaozaa mara mbili.

"Na harusini tutapika nini?" Peilian akamwuliza. "Maiti tutamuagaje bila wali wa kunata na samaki waliochachushwa?"

"Bibi, tumbo halichagui."

"Lako. Langu lina adabu."

Akapeleka kapu moja ili wamwamini: mpunga mweusi aliokuja nao kutoka kwa mama yake alipoolewa. Aina tisa zilizobaki alizilaza jenezani, zikiwa bado masuke, fungu juu ya fungu. Watu wa ofisini wakapekua ghala, wakapekua dari juu ya meko. Jeneza walilizunguka kwa heshima. Mimi, mke mpya wa mwanawe, sikuthubutu kulitazama. Yeye alikuwa akimenya vitunguu.

Msimdhanie mpinga kila kipya. Mashamba ya juani aliyapanda mpunga wa serikali, akavuna vizuri, akausifu hadharani. Lakini shamba la chini ya msitu, linalonyweshwa na chemchemi baridi, alilipanda mbegu zake, akafuga na samaki humohumo. Shi akaja mbio kutaka zing'olewe.

Peilian akaingia majini mpaka magotini. "Ng'oa. Anza na mimi."

"Bibi, utaniponza kazini."

"Basi panda wako hapo kando. Tutauona."

Nami namheshimu Shi kwa hili: alivua viatu akapanda mistari kumi kwa mikono yake. Wakati wa mavuno, mpunga wa Shi ulisimama kijani kwa baridi ya maji, masuke matupu. Wa Peilian tuliukata suke moja moja kwa kisu cha kiganjani, kila suke likipita mbele ya macho yake, ya mbegu yakitengwa. Amri haikufutwa, ila hakuna aliyekuja tena kulikagua shamba lile.

Baada ya miaka ishirini Shi alirudi, kichwa cheupe. Watafiti walitaka kuuchanganya mpunga mpya na ule unaostahimili baridi.

"Nipe mbegu zote, bibi, tukazitunze mjini kwenye chumba cha baridi. Zitakuwa salama, nawe utapumzika."

"Lile kapu langu la mpunga mweusi liko wapi?"

Shi akatazama chini. "Tuliukoboa. Tukala."

"Ulikuwa mtamu?"

Sijawahi kumwona mama mkwe akilia, na siku ile pia hakulia. Kisha akamwekea kisu kiganjani.

"Kata mwenyewe. Fungu moja la kila aina, na kila mwaka uje uniambie zimepandwa wapi. Nyingine zinabaki shambani kwangu."

Alikata siku tatu, akilalamikia mgongo. Na kila mwaka alikuja.

Tulipomzika Peilian, tulianza kwa kutoa mafungu tisa ili yeye apate nafasi. Watu wa ofisini sasa wana amri mpya, na mpunga mwingine. Mwaka huu nimetimiza sitini. Jeneza langu liko chini ya ghala, na limejaa.