Mama Mkwe Alikuwa Ananiwekea Kitu

Nyama ilinikwama kooni nikiwa mezani na mama mkwe. Hata mate hayakupita.

Akanitazama. "Mkwe wangu, taratibu. Chakula hakikimbii."

Nikajisemea, leo ndiyo leo. Huyu mama kanimaliza.

Msinicheke. Mimi ni fundi vigae, si mtu wa kuamini uchawi ovyo. Ila kabla hajahamia kwetu nilikuwa na kiungulia tu. Alipoanza kupika yeye, kila tonge likawa halishuki bila kusukumwa na maji.

Nilishamwambia mke wangu, "Mama yako ananiwekea kitu kwenye chakula."

"Rudia."

Sikurudia. Tangu siku hiyo akawa analala chumbani kwa mama yake.

Basi siku hiyo ya nyama wakanikimbiza hospitali wote wawili, mke wangu na mama yake, mimi natema mate kwenye kopo. Daktari akapitisha mpira wenye kamera, akaitoa nyama, akachukua na vipande vidogo vya koo vikapimwe.

Majibu yalipotoka tukaitwa.

"Ni mzio wa chakula," daktari akasema. "Seli za njia ya chakula hutumiana ujumbe kwa kemikali. Zako zikikutana na chakula fulani zinaita askari wa mwili. Wakijaa pale, kemikali zao zinalegeza utando unaolinda njia hiyo. Wewe si fundi vigae? Saruji ya katikati inaliwa, vigae vinaachia."

"Chakula gani?"

"Mara nyingi ni maziwa. Tutayaondoa, halafu tupime tena. Unakunywa?"

"Hata tone."

Mama mkwe akakohoa.

"Mimi humwekea. Kwenye mchuzi, kwenye wali, kwenye uji. Mwanangu aliniambia mumewe ana kiungulia, nikaona nimtulize kimyakimya, asijisikie mgonjwa."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Sijawahi kuwa sahihi kwa aibu namna ile.

"Nisamehe, mama."

"Kwa lipi, baba?"

Nikamgeukia mke wangu. Anaangalia ukuta. Kumbe hakuwahi kumwambia mama yake nilichomtuhumu. Kuhusu kuhama chumba, alimdanganya mama yake kwamba nakoroma.

Maziwa yakakoma. Kipimo cha pili kikaonyesha utando umepona. Mke wangu alichukua muda mrefu kidogo kuliko koo.

Jamani, ukimshuku mtu, muulize. Mimi ningeuliza siku ya kwanza, ningejibiwa neno moja tu: maziwa.