Usukani wa Herini

Rangi ya kucha ikipakwa juu ya bati lililopigwa msasa vizuri hung'aa kuliko rangi yoyote ya gari niliyowahi kuiona kwenye gereji ya baba. Baba alikuwa fundi wa kunyoosha mabodi kule Nakuru, na alinifundisha kuyapenda magari ya zamani kabla hajanifundisha kusali. Mimi nikaishia kusuka nywele. Lakini mkono haukusahau, na nilipohamia Juba miaka ile ya mkataba wa amani, nikafungua saluni ya mabati pale soko la Custom, niligundua kwamba saluni ina karibu kila kitu anachohitaji mtu wa kutengeneza vigari.

Foili ya kupakia nywele rangi ndiyo niliyofanyia bampa. Plastiki ya kufungia wigi ilikuwa kioo cha mbele. Kibano cha nyusi kilishika vitu ambavyo vidole vyangu vinene havikuweza. Bodi nilikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, matairi kwenye malapa yaliyokatika, na rangi ikishapakwa niliweka gari chini ya draya likauke. Hapo ndipo nilipokosana na wateja. Mama mmoja Mganda aliyekuwa akiuza matoke aliwahi kukaa na kichwa kibichi huku nikikausha boneti, akaniuliza, "Dada, nani analipa hapa, mimi ama hii gari?" Nikamjibu kwamba gari halilalamiki. Hakurudi kwa muda mrefu, na sikujuta, kwa sababu ile boneti ilitoka safi.

Sikuwa nauza. Nilikuwa navipanga kwenye dirisha la chumba changu na kuviangalia tu, basi. Na mimi ni mtu wa majivuno, sina haja ya kuficha. Mtu akinitukana nitamjibu tukaendelea na maisha, lakini akiniambia kioo cha nyuma kimepinda, chakula hakipiti kooni.

Chumba nilikuwa nimepanga mtaa wa Hai Cinema, kwa mama mmoja mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda. Uani kwake, juu ya matofali, kulikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la milango minne, lenye mapezi nyuma kama ya samaki, na kwa kweli ndilo lililonifanya nikubali chumba chenye paa linalovuja. Marehemu mumewe alilinunua zamani, Sudan yote ilipokuwa ikiendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kulia kama magari ya kwetu Kenya. Baadaye nchi ikahamia upande wa kulia. Mzee akaambiwa auze, akakataa, akaendelea kuliendesha hivyo hivyo mpaka vita vilipomzuia. Vita hivyo viliondoka na injini, viti na usukani wenyewe. Kuku wakarithi kiti cha nyuma, au pale kilipokuwa.

Yule mama alikuwa na mtoto wa kiume aliyelelewa Nairobi kwa ndugu. Amani ilipokuja alirudi, akapata kazi ya ofisini, akataka kujenga ghorofa. Msingi wa ghorofa, kwa hesabu zake, ulipita katikati ya gari. Alishaongea na wanunuzi wa vyuma chakavu kule Jebel. Mama akasema gari halitoki. Wakavutana wiki nzima, kuku wakisikiliza, mpaka akaitwa kaka mkubwa wa marehemu aje aamue.

Nilikuwa nafua pale uani, nikajitia sisikii. Mama alibanwa kila upande. Mwishowe akainua macho, akaona vigari vyangu dirishani, akasema, "Khalas, basi. Hii Mkenya atengeneze gari yangu, ndogo. Ikiwa sawasawa kabisa na yetu, nyinyi beba ile kubwa."

Nadhani alifikiri ni vitu vya watoto vile. Hakuwa amewahi kuviona kwa karibu. Yule mzee, kaka wa marehemu, akaona ameokolewa, akaweka sharti haraka: mama ataonyeshwa mara tatu, na akilikataa hata mara ya tatu, gari kubwa halitaguswa tena na mtu yeyote maadamu mama yuko hai. Kila mtu akakubali. Mimi sikuulizwa.

Baadaye kijana alinivuta kando. "Sistee, hii kitu ukiipatia, duka la chini ya ghorofa ni lako. Mlango wa kioo, na feni."

Ningelitengeneza hata bure, lakini mlango wa kioo ulinimaliza. Nilianza kuona jina la saluni likiwa limeandikwa kwa mviringo kwenye kile kioo, na mimi ndani nikipigwa na feni.

Mara ya kwanza nilipeleka gari la kijani hafifu, kama lile la uani lilivyoonekana. Mama aliliweka kwenye kiganja, akaligeuza. Niliona ameshtuka. Aligusa mapezi kwa ncha ya kidole, akafungua mlango, akaufunga, akafungua tena. Usukani nilikuwa nimeufanya kwa herini ya duara, ndogo kabisa, upande wa kulia, na huo aliuangalia kwa muda. Kisha akanirudishia. "Rangi hii ni ya jua, mvua na kuvu. Sisi tulinunua iko na rangi ya chai ya maziwa."

Mzee akakubali kwamba ni kweli, ilikuwa chai ya maziwa. Kijana akaniangalia kama nimemchomea nyumba ambayo bado haijajengwa.

Nikazunguka Custom yote nikitafuta rangi ya kucha ya chai. Hakuna anayetaka kucha za chai. Nilichanganya nyeupe, kahawia na tone la dhahabu, nikijaribia kwenye kucha zangu mwenyewe, kila kidole chai yake, na wateja wakaanza kunong'ona kwamba msusi amepatwa na ugonjwa wa kucha. Mmoja aliniletea dawa. Nilipoipata yenyewe, iliyokolea kama ya asubuhi nyumbani kwetu, nilipiga kelele peke yangu saluni.

Mara ya pili mama aliligeuza gari huku na huku. Alikuwa anatafuta, na mimi nilikuwa nimesimama pale na uhakika wangu wote. "Iko wapi shimo ya ng'ombe?" akauliza. Kumbe fahali mmoja aliwahi kuligonga gari njia ya Jebel, mlango wa mbele wa kushoto ukabonyea. Mzee naye akakumbuka, ila yeye alisema alikuwa mtamba, si fahali, na wakabishana juu ya huyo ng'ombe mpaka chai ikapoa. Nilirudi chumbani nimefura. Kesho yake niliunguza nywele za mbele za mteja kwa pasi kwa sababu ya hasira, nikamwambia ndiyo mtindo mpya.

Jumapili nilibaki nyumbani nipime ule mbonyeo. Nilidhani mama yuko kanisani. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikaenda uani, nikainama kwenye mlango wa kushoto, nikakutana na magoti yake.

Alikuwa ameketi ndani, juu ya dumu lililofunikwa kitenge, upande wa abiria. Upande wa dereva palikuwa patupu, pamefagiwa vizuri, hata kinyesi cha kuku hakikuwapo. Nilitaka kurudi nyuma. Akasema, "Ingia, ya biti, binti yangu. Kaa na kuku."

Nikaingia nyuma, nikakaa na kuku.

"Barabara ilipohama," akaniambia bila kugeuka, "mzee yangu alikuwa haoni mbele. Lori ikiwa mbele yetu, yeye iko huku pembeni, mimi iko katikati ya barabara. Mimi ndiyo naangalia. Mimi nasema, ngoja, kitu inakuja. Mimi nasema, haya, pita. Yeye anapita. Hajawahi kuuliza mara mbili."

Kisha akaendelea kusema, na nikaelewa kwamba sasa hasemi na mimi. Aligeuzia uso pale patupu, akamweleza marehemu mumewe bei ya mkaa. Akamweleza paa la mpangaji linavuja, jambo nililofurahi kulisikia likifika mahali. Akasema, "Mtoto yako anataka ghorofa. Mimi nilisema neno mbele ya kaka yako, sasa neno imenishika. Hii Mkenya, mkono yake iko mzuri. Kila mara inakuja karibu. Mimi naogopa mkono yake."

Maisha yangu yote nimesubiri mtu aseme hivyo juu ya mkono wangu. Baba hakuwahi. Na nilipolisikia neno hilo nilitamani kujificha chini ya kuku. Niliona aibu, na huruma ikanishika vibaya sana. Angeweza kudanganya, kusema tu si yenyewe, si yenyewe, mpaka mara tatu ziishe. Lakini alikuwa anatupa majibu ya kweli kila mara, kwa sababu ndivyo alivyo.

Gari nililimaliza juma lile. Mbonyeo niliupiga kwa kichwa cha pini ya nywele, ndani ya kioo nikaweka hata ufa kama wa lile la uani. Sijawahi kutengeneza kitu kama kile, wala sitatengeneza tena. Nililiweka mezani nikalizunguka. Nikafikiria mlango wa kioo, nikafikiria feni, na mwezi ule Custom joto lilikuwa la kuyeyusha nta. Nikalifikiria neno "ndiyo yenyewe" likitamkwa mbele za watu. Kisha nikachukua kibano cha nyusi, nikang'oa herini upande wa kulia, nikaigandisha upande wa kushoto. Nilijitukana kwa Kikikuyu tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi hiyo.

Siku ya mara ya tatu kijana alikuwa amekuja na mjenzi. Mama alilipokea gari kwa mikono miwili. Aliona rangi, aliona mbonyeo, aliona ufa, na uso ukamwanguka. Alikuwa tayari kufungua mdomo aseme ukweli. Kisha akachungulia ndani.

Akaniangalia. Mimi nikaangalia kamba ya nguo.

"Usukani iko kwa kiti yangu," akasema polepole. "Hii si gari yetu."

Mzee akalichukua, akachungulia, akacheka mpaka akakohoa. Kijana alinigeukia. "Sistee, seriously? Wewe ni Mkenya. Hata kwenu usukani uko kulia. Mara mbili umeupatia, ya tatu ndiyo unakosea?"

"Nimekaa Juba sana," nikasema. "Nimeshachanganyikiwa."

"Msusi ni msusi tu," mjenzi akasema, na wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Habari ilifika Custom kabla yangu. Kwa mwezi mzima madereva waliniuliza kama najua mlango wa kuingilia saluni uko upande gani.

Ghorofa lilisogezwa upande wa choo, likatoka jembamba. Duka la chini alipewa kijana wa kuuza simu. Kila nikipita naona feni ikimzungukia yeye.

Majuma machache baadaye, saluni ikiwa imejaa, mama akaingia. Hakuwa amewahi kufika saluni kwangu. Watu wakamwachia nafasi, akaketi chini ya draya ingawa nywele zake ni fupi kama za askari, akafungua kitenge. Ndani lilikuwamo gari. "Rekebisha," akasema.

"Mama, na lile neno?"

"Mara tatu imeisha. Hii ni ya nne."

Nikachukua kibano. Nikaing'oa herini kushoto, nikairudisha kulia, nikapuliza gundi ikauke. Yule muuza matoke, aliyekuwa amerudi siku hizo, akawaambia wenzake kwamba hapa ndipo ujue fundi amekubali makosa yake. Sikumjibu, na kwangu mimi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mama aliinua gari mpaka usawa wa macho, akachungulia kwenye dirisha la kushoto, muda mrefu. Kisha akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Iko yenyewe," akasema.

Draya ilikuwa inanguruma, na hakuna mtu mwingine aliyesikia. Nilitaka kumwomba aseme tena, kwa sauti, walau yule wa matoke asikie. Lakini alikuwa ameshalifunga gari kwenye kitenge, akawa ananiuliza naweza kutengeneza kuku wangapi wa kukaa nyuma.