Nilialika mji mzima kwenye arusi ya mcheza filamu wa Kiingereza, na picha sina

Wakuu, masalkheri.

Najua wapo ambao kabla ya kufika mstari wa tatu watakuwa wameshaandika "weka picha". Picha sina. Hakuna aliye nayo duniani, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini. Naapa kwa goti bovu la shangazi yangu kwamba haya yalitokea, na wanaomjua shangazi wanajua goti lile si la kuapia uongo.

Mimi ni mtoto wa kike wa Mji wa Kale, Mombasa, ingawa siku hizi napanga Ganjoni, kwenye fleti ambayo maji huja yakijisikia. Kazi yangu ni karatasi za mizigo bandarini.

Mwaka juzi ikaja kampuni ya filamu kutoka Uingereza. Wakatafuta mtu wa hapa anayejua Kiingereza na anayejua nani mke wa nani, awatafutie extras, watu wa kujaza picha. Nikachukua likizo yangu yote nikaenda. Nikajiona nimeingia Hollywood kwa kupitia daraja la Makupa.

Nyota wa filamu alikuwa binti wa Kiingereza wa miaka ishirini na nne. Jina silitaji, nilitia saini karatasi ya kunyamaza yenye kurasa nyingi kuliko mkataba wangu wa nyumba. Tumwite Roza, kwa rangi aliyogeuka siku ya pili ya jua letu.

Script ilikuwa hivi: binti wa Kizungu anakuja Pwani, anampenda kijana asiye na kazi wala shati, anaolewa naye, kisha anajuta kwa lugha nzuri. Shati la kijana liliandikwa mara moja tu kwenye script yote, na hapo alikuwa akilivua.

Basi. Nilikuwa nimeshamsoma Roza mtandaoni nikadhani namjua. Tuzo, magazeti, gauni alilovaa wapi. Lakini habari zake hasa nilizipata ufukweni Mama Ngina jioni moja, tukila mhogo wa kukaanga, yeye akilia kwa pilipili na kukataa kuacha.

Baba yake alikuwa fundi wa mabomba. Alipanda jukwaani ana miaka tisa, akiigiza mtoto anayekufa. Alikufa kila siku kwa miezi minne, na Jumamosi alikufa mara mbili. Baba yake alikuja kumwona kila Jumamosi, na kila mara akalia kama hajui mwisho.

Miaka kumi na tatu akaingia kwenye tamthilia ya televisheni. Nchi nzima ikamtazama akiota chunusi. Mtu asiyemjua alimsimamisha sokoni akamwambia meno yake yalikuwa mazuri zaidi msimu uliopita.

Alipokuwa na miaka kumi na saba baba yake akafariki. Mazikoni, mtu akapanda ukuta akampiga picha akiwa amekunja uso kwa kilio. Kesho yake picha ile ikawa gazetini, karibu na bei ya friji.

Akaacha kamera. Miaka saba alicheza kwenye vijumba vidogo vya michezo ya kuigiza, mshahara wa kuchekesha. Nikamuuliza kwa nini, maana mimi kwa televisheni ningekufa hata mara tatu Jumamosi.

Akaniambia kwenye jukwaa simu huzimwa mlangoni. Wanaokuona ni wale mliomo nao, na mkitoka imekwisha. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza tangu arudi.

Nikamwambia pole, nikachukua kipande chake cha mwisho cha mhogo. Sikujua kwamba neno lile la simu mlangoni litanirudia.

Sasa nije kwa Shangazi Hawa, dada yake baba.

Kwetu arusi ya wanawake haialikwi kwa kadi peke yake. Lazima aende mtu kwa miguu, nyumba kwa nyumba, abishe hodi, akae, aulize mgonjwa anaendeleaje, ndipo aseme fulani yuwaalika. Usipoalikwa kwa mdomo hukualikwa, na utanuna mpaka arusi ya wajukuu. Shangazi ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini.

Na kila mlango humalizia maneno yale yale: "Wanaume hawamo, na simu zabaki mlangoni."

Hapo ndipo penyewe, wakuu. Ndani ya arusi wanawake wanavua mabuibui, na kilicho chini ya buibui hakikushonewa barabara. Siku hizi za simu, mtu havui mpaka ajue nani kasema. Shangazi Hawa akisema hakuna picha, hakuna picha. Watu wanavua kwa neno lake.

Kulikuwa na sehemu moja tu ya filamu ya kupigwa Mji wa Kale, siku ile ya kumpamba bi arusi. Kazi yote nyingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya kivuko. Nikatakiwa wanawake sitini. Mimi nikiwa na haraka na kichwa kikubwa, nikampelekea shangazi voice note:

"Shangazi, nialikie wanawake sitini arusi ya yule binti wa Kizungu, Alhamisi baada ya alasiri, nyumba ile kubwa yenye ua. Chakula kipo."

Isikilizeni tena. Neno filamu halimo.

Kwangu mimi lilikuwemo kichwani, nikadhani limo kichwani mwa kila mtu. Shangazi akajibu: "Mashaallah! Ameslimu lini?" Nikaisikia nusu, nikiwa nabishana na mwenye viti, nikamtumia kidole gumba.

Kidole gumba kile ningekikata leo.

Alhamisi nikafika nyumba yenye ua nikakuta viatu mpaka nje barabarani. Hawakuwa sitini. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Shangazi ameketi mlangoni kwenye kiti, goti limefungwa leso, kapu la simu mbele yake limejaa mpaka linamwagika.

"Shangazi, nilisema sitini!"

"Mwanangu, nitabisha hodi nyumba hini niiruke ile? Nionekane na mato gani?"

Nikachungulia uani. Dhahabu. Nywele zimetengenezwa. Migongo wazi. Wasichana wamekaa mapajani kwa wenzao, kina mama wanajipepea. Mzee mmoja, Bi Rehema wa nyumba ya kona, ameshavua mpaka soksi. Na kila mmoja ameshika kisanduku cha chakula cha kampuni, makaroni baridi na majani. Bi Rehema akaniita, akaninong'oneza, "Mwanasha, hiki ni chakula au twaadhibiwa?"

Nikataka kucheka. Kisha nikatazama juu.

Nyumba ile ina ghorofa, na ghorofani kuna dirisha la mbao za vitundu linaloangalia uani. Nyuma ya vitundu vile, tangu asubuhi, kulikuwa na kamera mbili na wanaume wanne. Director alitaka wanawake wasione kamera ili wawe "natural". Nilikuwepo alipopanga hivyo. Niliona ni jambo la akili sana.

Nikapanda ngazi mbio. Director, mtu mwembamba mwenye kofia asiyoivua hata akila, alikuwa anatabasamu kama mtoto wa Idi. Akaniambia hajawahi kuona extras kama hawa, nimefanya kazi ya ajabu. Nikamweleza: hawa si extras, wamekuja arusini, hawajui kama mko hapa, wamevua kwa sababu shangazi yangu aliwapa neno.

Akasema watatia saini baadaye.

Nikamwambia hawatatia.

Akasema basi tutaziba sura zao, dakika kumi tu, mwanga unaondoka. Akaniambia niteremke nimlete bi arusi.

Hapa niseme ukweli, maana niliapa. Kwa muda wa kushuka ngazi tatu nne, nilifikiria kunyamaza. Filamu ingetoka baada ya mwaka, nani angejua? Jina langu lingeandikwa mwisho, kwa herufi ndogo. Nilifikiria hivyo, na nikiwa hapo kwenye ngazi nikamwona shangazi kwa chini, anapanga simu za watu kapuni moja moja ili zisikwaruzane.

Nikaingia chumba cha Roza. Alikuwa ameshavaa, hina bado mbichi mikononi, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Akaniuliza neno moja: "Wanajua?"

"Hawajui."

Akatoka na mikono yake vile vile juu, akapanda ghorofani. Sikuwahi kumwona ana hasira, na hata siku ile hakupaza sauti. Alimwambia director kwamba hashuki mpaka kamera ziwe barabarani. Director akataja mkataba. Roza akaketi sakafuni na gauni lote la bi arusi, akasema ana nafasi, hina yenyewe haijakauka.

Ikabainika walikuwa wameshapiga dakika mbili tatu za kujaribu. Roza akainuka, akasimama mbele ya mwenye kamera mpaka zikafutwa, nami nikiangalia.

Wanaume wakashushwa kwa ngazi ya nyuma, mitambo imefunikwa leso, director mbele, kofia mkononi. Ndiyo mara ya kwanza nikaona ana upara.

Ilikuwa imebaki kazi yangu.

Nikasimama katikati ya ua. Nikasema, "Mama zangu, hii arusi si ya kweli. Ni ya filamu. Kulikuwa na kamera pale juu, zimeondolewa na walichopiga kimefutwa. Shangazi Hawa hakujua. Mimi nilimtuma nisimwambie. Nisameheni."

Ukasikika ule mlio wa mabuibui yanayovaliwa kwa pamoja.

Nikamtazama shangazi mlangoni. Hakunitazama. Alikuwa ameshika kapu kwa mikono miwili. Wanawake kama thelathini wakatoka. Mmoja, rafiki yake wa tangu chuoni wakisoma Kurani pamoja, akachukua simu yake kapuni asimwambie hata kwaheri. Hapo nililia, na sioni haya kuandika.

Ndipo Bi Rehema akasema kwa sauti, akiwa bado hana soksi:

"Hebu ngoja. Bwana arusi yuko?"

"Hayuko, Bi Rehema."

"Na hatakuja?"

"Hatakuja."

"Basi tatizo liko wapi? Mabwana arusi wangapi tumewaona mji huu, nao walikuwa wakiigiza! Huyu angalau amesema mapema. Mtoeni bi arusi, mimi n'shajifukiza udi."

Akaanza kucheka mmoja, wakafuata kumi, kisha ua mzima.

Roza akatolewa. Nilikuwa nimemweleza: macho chini, usitabasamu, wewe una huzuni ya kuiacha nyumba ya baba yako. Akatembea vile. Sijui alifikiria nini kuhusu hiyo nyumba ya baba, lakini machozi yalimtoka kweli, na hakuna mtu aliyepanda ukuta. Kina mama wakampigia vigelegele. Pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya arusi, zikatolewa zikagongwa. Bi mmoja akamfuata kwenye jukwaa alipokalishwa akamsahihisha shingo, akarudi kukaa. Alicheza mchezo wake wote mbele ya wanawake mia na sabini wenye makaroni, mara moja tu, na ukaisha.

Nimeona filamu nyingi. Ule ndio uigizaji bora niliowahi kuuona, na siwezi kuwaonyesha.

Nilifukuzwa kazi ya filamu kabla ya magharibi. Roza akamaliza filamu kwa sababu ya mkataba. Sehemu ile wakaipiga kwingine na watu wa kulipwa, ni sekunde arubaini, wote wameipa kamera mgongo. Siku hizi amerudi jukwaani. Alinitumia ujumbe kwamba anacheza mama wa watoto watatu na kila siku anawaza mhogo.

Shangazi hakusema nami siku tisa. Siku ya kumi akapiga simu kuniita: "Ndoo. Vaa viatu visivyouma."

Akanitembeza nyumba zote alizoalika. Zote. Kila mlango nabisha hodi mimi, naomba radhi mimi, yeye amesimama nyuma yangu na mkongojo, hanisaidii hata neno. Tuliacha nyumba ya rafiki yake wa chuoni iwe ya mwisho. Nikabisha mara mbili. Mara ya tatu shangazi akanisukuma kando, akabisha mwenyewe, kisha akaliweka sawa buibui lake.

Mlango ukafunguliwa. Mama yule akanipita kwa macho kama mlingoti, akamwambia shangazi, "Hawa, goti hilo utalisimamia mpaka lini? Ingia uketi."

Mimi niliachwa nje nusu saa, na nilifurahi.

Somo langu, wakuu: ukimtuma mtu kwa jina lake, mpe habari yote. Neno lake si gari la kukodi, ukaliendesha utakavyo ukalirudisha na mkwaruzo.

Goti la shangazi sasa limegoma kabisa. Kwa hivyo kila Jumamosi mimi ndiye ninayezunguka kualika. Mji huu hausahau. Juzi nimebisha kwa Bi Rehema, nimeketi, nimeuliza hali, nimesema fulani yuwaalika, wanaume hawamo na simu zabaki mlangoni.

Akanitazama juu mpaka chini.

"Hini ni ya kweli, Mwanasha, au ni nzuri kama ile?"

Karibuni kwa maoni. Mwenye matusi pia aje, lakini abishe hodi kwanza.