Mikono ya Kushikia Uzi

Mwanangu wa jirani, sogea karibu na jiko nikuambie habari ya sweta lililokataa kupita kichwani. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka Ruring'u, kando ya mji, kwenye watu na kelele, nikaolewa Endarasha, ambako asubuhi ukungu unamficha hata ng'ombe aliye mlangoni. Mume wangu alifanya kazi Nakuru na alikuja mara chache. Nilibaki na mtoto mchanga, kondoo, na mama mkwe ambaye nyumba yake ilitazamana na yangu.

Tulisalimiana asubuhi, tukasalimiana jioni, basi. Alikuwa mjane, mumewe alichukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa Hali ya Hatari na hakurudi. Mimi nilidhani hanipendi. Asikudanganye mtu kwamba upweke ni kukosa watu. Niliuona moshi wa jiko lake kila siku na bado nilikuwa peke yangu.

Nikaamua kumfumia mtoto sweta kabla ya baridi ya Julai. Sufu ilikuwa ya kondoo wetu, nimeisokota mwenyewe, nimeosha uzi, nimeanika. Uzi ukikauka unakaa kama pete kubwa, na lazima uukunje donge kabla hujashika sindano. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja ananyoosha mikono na kuvishwa ile pete, mwingine anakunja. Kwetu nilishikiwa na mama yangu. Endarasha nikavisha kiti. Kiti hakisogei, hakilegei, kwa hivyo nilivuta, nikakaza, donge likawa gumu kama jiwe. Nikafuma hivyo hivyo, uzi umevutika. Sweta lilipooshwa mara ya kwanza lilirudi, likawa dogo, hata halikupita kichwani mwa mtoto.

Wewe cheka tu, lakini nililia kama niliyefiwa. Nikafunga nguo zangu furushi, nimbebe mtoto nirudi kwa mama yangu, na ndoa iishie hapo.

Mama mkwe alisikia kilio akaingia bila hodi. Aliliona furushi, akalipita. Akaokota sweta, akalifinyafinya, akauliza uzi niliukunjia wapi. Nikamwonyesha kiti.

"Niko hapa mlango kwa mlango," akasema, "niko na mikono miwili, na wewe unaenda kuomba kiti?"

Aliketi palepale akaanza kulifumua, mstari kwa mstari. Tuliloweka uzi, tukauanika, na ulipokauka akanyoosha mikono. Iliyumba kidogo kushoto, kidogo kulia, ikinipa uzi taratibu. Aliyeshika uzi hawezi kuondoka, na anayekunja hana pa kutazama ila usoni pa mwenzake. Ndipo akaniambia kwamba tangu mumewe achukuliwe alikuwa akikunjia uzi kwenye magoti yake mwenyewe, na tangu nije alikuwa akingoja nimwite. Ati alidhani msichana wa mjini hataki mikono iliyokaushwa na jembe. Mtoto wangu alipewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, na bado yeye hakuwa amethubutu hata kuomba ambebe. Niliona uchungu sana, mwanangu. Wanawake wawili, uwanja mmoja, kila mmoja analia kwake.

Jioni hiyo nilifungua furushi.

Leo yeye hayupo, mume wangu hayupo, watoto wangu wako mijini, na mimi nimerudi kwa kiti. Kinachosha, sikufichi. Kwa hivyo usiseme mtu anakuchukia kwa sababu amenyamaza. Huenda naye anakungoja. Ukiwa na kazi ya mikono minne, vuka uwanja ubishe hodi, hata kama unaona haya. Mungu akupe jirani mwenye mlango wazi, akupe na ulimi wa kuomba, usizeeke na kiti.

Sasa weka hiyo simu chini, unyooshe mikono. Uzi wangu umekauka tangu wiki iliyopita, nami nilikuwa naona haya kukuita.