Nilivyovunjika mguu Likasi, na kuku aliyetakiwa kunipa ruhusa ya kutembea

Wakuu, heshima kwenu, pamoja na nyie mnaopita kimya kimya kama mimi.

Huwa nasoma tu humu. Leo nimeona kijana ameandika kwamba ameumia goti na maisha yake yameisha, nikashindwa kunyamaza.

Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mguu ninao hapa, anayetaka ushahidi aje na rula. Wa kulia ni mfupi.

Mimi ni mtu wa Likasi, Kongo. Nikiandika Kiswahili chetu chote hapa mtanicheka hadi kesho, kwa hiyo nasimulia kwa hiki chenu cha shule. Watu wa nyumbani tu ndio nitawaacha waseme walivyosema.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa winga wa kulia wa timu ya mtaani kwetu, Shituru. Sijisifu, nilikuwa na kasi tu. Krosi zangu zilikuwa aibu.

Siku moja kocha wa timu ya Lubumbashi alikuja kututazama. Akaniambia niende kwao baada ya Pasaka, wanijaribu. Wachezaji wake walilala kambini na walikula mara mbili kwa siku.

Hiyo mara mbili ndiyo iliyonikaa kichwani, wakuu.

Baba alikuwa bado anavaa ovaroli kila asubuhi na kwenda kiwandani, lakini mshahara ulishakuwa hadithi na unga ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi ulishakatika. Mama alianza kuuza makaa. Nyumbani tulikula saa kumi jioni, ili chakula kimoja kihesabike cha mchana na cha usiku.

Kwa hiyo Pasaka kwangu haikuwa sikukuu. Ilikuwa mlango wa kutokea.

Wiki saba kabla, tukaenda kucheza Kakanda. Uwanja mgumu, mawe matupu. Nilimpita beki wao mara ya tatu, na mara ya nne akanifuata kwa miguu yote miwili. Mlio wa muundi wangu waliusikia hadi watazamaji.

Rafiki yangu Rajabu, ambaye baba yake alikuwa na lori la biashara, alinishika kichwa.

"Deo, apana angalia! Apana angalia ile muguu!"

Niliangalia. Mimi nikiambiwa subiri au usifanye, ndiyo kwanza nafanya. Ulikuwa umepinda pasipo na kiungo.

Lori la baba yake Rajabu likanirudisha mjini juu ya magunia. Hospitali tuliyofika, muuguzi alikuwepo na alikuwa mwema, ila plasta haikuwepo, wala filamu za kupigia picha. Siku hizo kila kitu uliambiwa uje nacho mwenyewe.

Baba akaenda Kakontwe kumwita Papa Ngoy.

Huyu alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya chokaa, na pembeni alikuwa anaunga mifupa ya wenzake waliopondwa na mawe. Msimfikirie mzee wa hekima na mvi. Alikuwa mtu wa makamo, mkali, ananuka tumbaku, na hakusema hata pole. Alinivuta mguu nikaita majina ya watakatifu wote niliofundishwa parokiani, na wengine nadhani niliwatunga.

Akafunga vijiti na vitambaa. Kisha akasema:

"Muniletee kuku ya mu nyumba yenu. Ya ku soko apana."

Kwetu waunga mifupa wengi wana utaratibu huo. Kuku wa nyumba ya mgonjwa anavunjwa mguu uleule, anafungwa vijiti vilevile, anakaa hapo mgonjwa anapomwona. Mama alileta kuku mweusi, ndiye pekee tuliyebaki naye. Papa Ngoy akamvunja mbele yangu, nikasikia tena ule mlio.

"Deo, weye usiangalie kalandriye, usihesabu siku. Angalia ii kuku. Siku itakanyaga chini na kuparura, muniite minye. Minye njo nitakufungula. Umesikia?"

Nikasema nimesikia: aitwe yeye, na yeye ndiye atakayenifungua.

Wakuu, hamjawahi kumtazama kuku kama nilivyomtazama yule. Kuanzia alfajiri. Akihema nahema. Akilala namtupia punje ili ajaribu kuinuka. Nilikuwa nakunja na kukunjua vidole vya mguu hadi jasho linanitoka, nagonga ukuta kwa ngumi, nauliza Pasaka imebaki siku ngapi, halafu nauliza tena. Mama alinihamishia kitanda karibu na mlango kwa sababu nilikuwa nakwaruza chokaa ya ukuta kwa kucha.

Wiki ya pili nikashikwa na homa. Siku zile sizikumbuki vizuri. Nakumbuka mchuzi wa moto na mkono wa Mama nyuma ya shingo yangu. Homa ilipoondoka nikageuza kichwa, kuku mweusi yupo palepale na vijiti vyake. Nikamshukuru Mungu.

Na baada ya hapo kuku akawa anaendelea vizuri ajabu!

Siku chache tu akawa anasimama. Asubuhi moja, Mama yuko sokoni na Baba yuko kiwandani, nikamwona amekanyaga chini kwa nguvu na anaparura udongo.

Papa Ngoy alikuwa hajaonekana muda. Tulisikia ameenda vijijini kutafuta mahindi. Nimwite wapi?

Nikafungua vitambaa mwenyewe.

Hatua ya kwanza iliuma, ya pili ikauma kidogo zaidi, nikajiambia ni uvivu wa mguu. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba nikishika ukuta, na kabla Mama hajarudi nikajifunga tena. Siku ya pili nikaenda bila ukuta. Siku ya tatu nikajaribu kukimbia, hatua nne tu, kuelekea reli iliyopita jirani na kwetu.

Ya nne sikuimaliza.

Mama alinikuta chini. Alitupa beseni akapiga kelele, "Minye njo nimemuua mwana wangu! Minye njo nimemuua!" Majirani walidhani amechanganyikiwa. Hata mimi sikuelewa.

Papa Ngoy alirudi baada ya siku mbili. Hakunigusa kwanza. Alimchukua kuku, akamfungua vijiti, akapapasa mfupa taratibu kwa kidole gumba. Mfupa uliovunjika ukiunga huacha kinundu. Alipapasa mara mbili.

"Mama Deo, ii kuku aiyavunjikaka ata siku moya. Yangu iko wapi?"

Mama akakaa chini.

"Nilipika," akasema. "Deo alikuwa na homa, alikatala kulya siku tatu. Mu nyumba akukuwa kintu. Nilimupikia mucuzi. Kiisha nikaomba ingine nyeusi kwa jirani, nikaifunga bijiti, juu asiikose, asikufe na moyo. Nilitaka kukuambia weye pale utakuya."

"Nani alikulya?" nikauliza, utadhani hakimu.

"Weye. Weye njo ulikulya mapaja yote mbili."

"Minye nilikulya shingo," Baba akasema kutoka mlangoni. "Kama kuko kufungwa, tutafungwa wote."

Hakuna aliyecheka. Leo nacheka, siku ile nilitamani kumrushia kitu.

Papa Ngoy akaunga tena, lakini mfupa ulishapishana. Pasaka ikapita nikiwa kitandani. Lubumbashi akaenda winga mwingine wa mtaani kwetu, na mguu wangu ukaunga ukiwa mfupi na umepinda nje.

Na mimi nikaacha kumsemesha mama yangu.

Sitajipamba. Miezi minne. Ananipa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nakula, nasukuma sahani. Ananiuliza kitu, namjibu Baba. Nilimwona kama mtu aliyenifungia ule mlango kwa kufuli na kumeza ufunguo.

Sikuweza kutulia. Asubuhi na fimbo naenda hadi kwenye reli, narudi, naenda tena. Timu ikifanya mazoezi natukana mpira. Nilifikiria kwenda machimboni, nani ataajiri kilema wakati wazima wanarudishwa nyumbani?

Rajabu ndiye aliyenichoka. Alikuja na baiskeli kuukuu ya dukani kwa baba yake, akaniwekea mbele.

"Panda. Ukianguka, unaanguka. Unatushokesha na ile fimbo yako."

Nikaanguka kweli, mara nyingi. Ila nilipoipata, nikagundua kitu: juu ya baiskeli sichechemei. Rajabu akaliongezea unene kanyagio la kulia kwa kipande cha mbao ili mguu mfupi ulifikie, na nikawa mtu wa kwenda mbio tena. Nililia njiani peke yangu, nikasingizia vumbi.

Watu wengi wakati ule waliishi kwa baiskeli, kuleta makaa na mahindi kutoka porini. Nami nikaanza.

Sasa siku moja narudi na gunia langu, barabara ya Kakanda, jua kali. Mbele yangu mlimani kuna mwanamke amebeba gunia la makaa kichwani, anapanda pole pole. Nikamjua kwa kitenge.

Sikuwahi kujiuliza makaa ya Mama yanatoka wapi. Nilidhani ananunua mjini. Kumbe alikuwa anayafuata mwenyewe kwa mguu, huko kote, na akirudi ndipo ananipikia mimi ninayenuna.

Nilimpita. Ndiyo, nilimpita, andikeni mnavyotaka. Nikaenda kama hatua ishirini, nikashuka.

Alipofika nikasema, "Mama, leta."

Akashusha gunia. Tukalifunga juu ya langu. Baiskeli ikawa nzito, haipandiki, ikabidi mimi nivute usukani na yeye asukume nyuma. Tukapanda hivyo. Katikati ya mlima akauliza:

"Ungali na kasirani na minye?"

"Ndiyo. Ningali."

"Sawa. Vuta basi."

Nikavuta.

Kuanzia kesho yake nilikuwa naenda porini mimi na Mama anabaki kuuza. Baadaye nikajifunza kutengeneza baiskeli, kwa sababu yangu ilikuwa inakufa kila wiki. Kazi hiyo ndiyo iliyonioza mke na kuwasomesha wanangu. Mpira sikuucheza tena, na bado unaniuma. Siwezi kuwadanganya.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja aliniambia mfupa wa kuku huunga upesi kuliko wa mtu. Hata yule wa kwanza angeparura kabla yangu. Ndiyo maana Papa Ngoy alisema aitwe kwanza. Aliyefungua vitambaa ni mimi, wakuu, si Mama, na nililijua hilo tangu siku ile pale kwenye reli. Nilihitaji tu mtu wa kumbebesha lawama.

Kwa hiyo kijana wa goti, mfupa una muda wake, usiujaribu kwa pupa. Utafanya kitu kingine, ambacho leo hukijui. Lakini huyo anayekupikia sasa hivi na unamjibu kwa mabega, msemeshe leo. Mguu nimeshauzoea. Ile miezi minne sijaizoea, na Mama alishafariki, hakuna wa kumrudishia.

Matusi, pole na maswali nayapokea. Wa hospitali za mifupa na wa kuku pia karibuni, ila aliyenuna na mtu nyumbani akamsalimie kwanza, ndipo aje kukomenti.