Mstari Alioushika Kichwani

Kila asubuhi, kabla ghala la vipuri la Temeke halijafunguliwa, Auleria Komba aliwasha kompyuta ya Unix na kuandika mstari mmoja mrefu, unaoanza na LD_LIBRARY_PATH. Mstari huo uliionyesha programu ya hifadhidata mahali zilipo maktaba zake, yaani mafaili ambayo bila hayo haifunguki. Ungeweza kuandikwa mara moja tu katika faili la kuanzia, mashine ikajisomea yenyewe kila siku. Auleria alilijua hilo. Lakini ulikuwa mwaka 1996, shirika lenye ghala hilo linauzwa, na wenzake kumi na wanne walikwisha kupunguzwa kazini. Akaushika mstari kichwani. Bila yeye, hakuna ambaye angejua hata ghalani mmebaki nati ngapi.

Jumatatu moja aliuandika kama kawaida. Mashine ikajibu kwamba maktaba haikuonekana. Akarudia, herufi kwa herufi. Haikuonekana. Ndipo alipokumbuka kuwa Jumamosi fundi Bakari alikuja kuweka toleo jipya la programu.

"Mama Elinaza, mashine yako imenuna leo?" aliuliza Rukaiya wa mapokezi, akimwita Auleria kwa jina la mwanawe. "Wateja wananitukana mie!"

"Subiri kidogo, mwanangu."

Bwana Fransis, meneja, akaja kusimama nyuma ya kiti chake. "Wanunuzi wa shirika wanafika saa sita. Nimpigie Bakari?"

"Usimpigie, bosi. Nakuomba. Nipe nusu saa tu."

Akaiamuru mashine itafute faili la maktaba katika diski nzima. Dakika ishirini kioo kilikaa kitupu, naye akisali kimoyomoyo. Mwishowe jina likatokea, ndani ya saraka mpya, yaani folda, aliyoiunda Bakari. Akauandika mstari upya, safari hii kwa njia ya kufikia saraka hiyo. Hifadhidata ikafunguka.

"Hongera sana, mama," alisema Bwana Fransis. "Sasa iweke kwenye faili la kuanzia. Bakari kanieleza, ukiiweka humo haisumbui tena."

"Nitaiweka kesho, bosi."

"Weka sasa hivi, nione."

Akaiweka. Mashine ikazimwa, ikawashwa. Rukaiya akaketi mbele yake, akabonyeza, na orodha ya vipuri ikajaa kiooni.

"Kumbe rahisi hivi! Kuanzia kesho nafungua mwenyewe, mama. Wewe pumzika."

Auleria akavua miwani, akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Alikaa huko mpaka Rukaiya alipokwenda kumgongea mlango.